Nguvu ya kushika iko mgongoni mwa mkono

Mama mmoja anayewapikia wabeba mizigo pembeni ya soko la Mwaloni, Kirumba, alinionesha panapomuuma kwa ncha ya mwiko. Aliugusa mkono wake wa kulia upande wa nje wa kiwiko, kwenye kile kifupa kinachojitokeza. "Hapa, baba. Nikiinua sufuria panachoma. Nikikamua nguo panachoma. Sasa hivi hata kikombe cha chai." Alikuwa amepachua dawa mpaka ngozi ikang'aa, na juu yake amefunga kipande cha kanga.

Nikamwomba aendelee kusonga. Ugali wa watu arobaini si mchezo: unga ukishakaza, mwiko hauzunguki tena, unasukumwa na kugeuzwa kwa nguvu. Mimi sikuangalia kiwiko, niliangalia kigasha. Kila mwiko ulipozama, mgongo wa kiganja chake ulikuwa umeinuka kidogo, umekaza, na misuli iliyotutumka ilikuwa ya upande wa juu wa mkono, ule wenye vinyweleo. Vidole ndivyo vilivyoshika mwiko, na misuli inayokunja vidole iko upande wa chini, ule mweupe zaidi. Kwa nini basi upande usioshika ndio uliochoka, na ndio unaouma?

Kwanza tuelewane maneno. Kigasha ni kipande cha mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Neno kiwiko lenyewe lina ugomvi wake. Wapo wanaoita hivyo pale saa inapovaliwa. Hapa Mwanza wengi wakisema kiwiko wanamaanisha pale mkono unapokunjia, unapoegemea meza, nami nitafuata hao. Pale pa saa nitapaita kifundo. Kuurudisha mgongo wa kiganja nyuma, kama trafiki anavyosimamisha gari, nitakuita kuinua kifundo. Kinyume chake ni kukiinamisha.

Sasa chukua kalamu, ikamate kwa ngumi. Kwa mkono wa pili inamisha kifundo hicho mpaka kigome, halafu jaribu kukaza ngumi. Haikazi. Vidole vinalegea vyenyewe na mtoto wa darasa la pili anaweza kukunyang'anya kalamu yako. Rudisha kifundo juu, ngumi inakuwa ngumi tena. Hukuongeza nguvu yoyote kwenye vidole. Ulibadilisha tu mahali kifundo kilipokaa.

Sababu ni urefu wa msuli. Misuli inayokunja vidole inaanzia karibu na kiwiko, inageuka kuwa kano nyembamba, na kano hizo zinapita mbele ya kifundo kabla ya kufika vidoleni. Msuli unavuta vizuri ukiwa kwenye urefu wa wastani. Ukifupika mno hauna cha kuvuta, kama wavuta kamba ambao migongo yao imeshagota ukutani: nguvu wanazo, pa kurudi hawana. Kuinamisha kifundo kunawasogeza hao wavutaji ukutani. Kukiinua kunawarudisha uwanjani. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowaachia watu washike kwa nguvu wakiweka kifundo wanavyotaka wenyewe. Kwa wastani walikiinua nyuzi 35 hivi, na walipolazimishwa kukaa kwingine nguvu ya kushika ilipungua. Mwangalie mvuvi anavyoshika kafi au fundi anavyoshika nyundo, utaiona pembe hiyo bila kupima.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalochosha. Kano za kukunja vidole zinapopita mbele ya kifundo, zikivutwa zinakunja vidole na kutaka kukiinamisha kifundo pia. Lazima pawepo mtu upande wa pili wa kushikilia. Kwa hiyo huwezi kukaza ngumi bila misuli ya mgongoni mwa kigasha kukaza nayo. Weka vidole vya mkono wa kushoto juu ya kigasha cha kulia, karibu na kiwiko, kisha finya kitu chochote. Utaisikia inaruka. Kadiri unavyofinya ndivyo inavyokaza, na huko haisifiwi na mtu, maana kazi yake haionekani kama mwendo.

Ukitaka ushahidi mkali zaidi, muulize daktari habari za mtu aliyelala usingizi mzito, mara nyingi wa pombe, mkono umening'inia juu ya mgongo wa kiti. Neva, yaani mshipa wa fahamu, inayohudumia misuli hii inazunguka nyuma ya mfupa wa juu wa mkono, ikiwa imeegemea mfupa wenyewe. Ikibanwa usiku kucha, asubuhi kifundo kimeanguka, kiganja kinaning'inia kama jani la mgomba lililopigwa jua. Mikongojo inayobana kwapani inaweza kuleta shida hiyohiyo. Misuli inayokunja vidole ina neva nyingine, ni mizima kabisa, lakini mtu huyo akijaribu kushika jagi anashindwa. Mtaalamu akimvalisha kifaa cha kukiinua kifundo, ushikaji unarudi palepale, ingawa neva bado haijapona. Wengi wa waliobanwa hivi hupona baada ya wiki au miezi.

Na kinyume chake kipo. Legeza mkono kabisa, kisha inua kifundo polepole: vidole vinajikunja vyenyewe. Kiinamishe: vinafunguka. Watu waliovunjika shingo usawa wa pingili ya sita mara nyingi hawawezi kukunja vidole kwa hiari, lakini kifundo bado wanakiinua. Wanafundishwa kutumia kamchezo hako kushika kijiko, chupa, simu. Ushikaji wao wote unatoka mgongoni mwa mkono.

Wenye kazi hii ni nani? Wakuu ni watatu, na majina yao ya kitabibu ni marefu kuliko misuli yenyewe: ekstensa kapi radialisi longasi, ekstensa kapi radialisi brevisi, na ekstensa kapi alnarisi. Nitawaita mrefu, mfupi na wa pembeni.

Mrefu anaanzia juu kidogo ya kiwiko, kwenye ukingo wa nje wa mfupa wa juu wa mkono, na kano yake inakwenda kulishika tako, yaani ncha ya upande wa kifundo, la mfupa wa kiganja unaobeba kidole cha shahada. Kwa kuwa anavuta upande wa kidole gumba, akikaza peke yake kiganja kinainuka huku kikielekea upande huo. Mfupi anaanzia kwenye kile kifupa alichokigusa mama kwa mwiko, na anaishia kwenye mfupa wa kidole cha kati, karibu katikati kabisa ya kiganja. Ndiyo maana yeye anainua bila kupindisha, na ndiyo maana anatumika muda wote. Wa pembeni anaanzia kwenye kifupa hichohicho na sehemu ya nyuma ya mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole kidogo, akaishia kwenye tako la mfupa wa kidole hicho. Huyu ana tabia mbili. Kiganja kikitazama juu, anasaidia kuinua. Kiganja kikitazama chini, kano yake imesogea pembeni, na kazi yake kubwa inakuwa kuvutia mkono upande wa kidole kidogo. Mpiga nyundo anamfahamu bila kumjua jina.

Wapo na wasaidizi: misuli ya kunyoosha vidole, ambayo nayo inapita juu ya kifundo na kukiinua njiani. Ukitaka kuwaondoa kazini, funga ngumi ndipo uinue kifundo; hapo wale watatu wanabaki wenyewe. Kano zote hizi zinapita chini ya mkanda mpana mgongoni mwa kifundo, uliogawanyika vichochoro sita. Mrefu na mfupi wanachangia kichochoro cha pili, wa pembeni ana chake cha sita. Bila mkanda huo, kila ukiinua kifundo kano zingetutumka juu kama kamba ya kuanikia nguo.

Halafu kuna yule anayepewa sifa asizostahili. Ile nyama nene ya upande wa gumba, inayojaa ukishika glasi na kukunja mkono, vijana wa jimu wanaiona kama ndiyo kigasha. Ni jirani tu. Inahudumiwa na neva ileile, imelala ubavuni mwa mrefu, lakini inaishia kabla ya kifundo. Kazi yake ni kukunja kiwiko. Unaweza kuwa nayo kubwa na bado kifundo chako kikawa legelege.

Turudi kwenye maumivu ya mama. Wazungu wanayaita kiwiko cha tenisi, jina ambalo hapa kwetu linachekesha kidogo. Nimezunguka Kirumba yote nikihesabu viwanja vya tenisi kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki. Lakini hata huko kwao jina lilikuja baadaye. Mwaka 1873 daktari Mjerumani aitwaye Runge aliyaeleza akizungumzia watu wa kalamu, waandikaji. Tenisi ilitajwa Uingereza miaka kumi hivi baadaye, ikalichukua jina. Kwa hiyo mwiko, kisu cha kupara samaki, mpini wa jembe na nyundo ya kokoto vina haki sawa na raketi.

Anayeumia zaidi ni yule mfupi, pale kano yake inaposhika mfupa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni uvimbe unaowaka, ndiyo maana dawa zilikuwa za kuzima uvimbe. Mwaka 1979 Nirschl na Pettrone, madaktari wa Marekani, walieleza walichokiona kwenye kano za waliofanyiwa upasuaji: nyuzi zilizovurugika, mishipa midogo ya damu iliyoota ovyo, na seli za huo uvimbe unaowaka chache mno. Ni kano iliyochakaa na kujiziba vibaya. Fikiria kamba ya nanga inayosuguliwa mahali pamoja kila siku, na kila usiku mtu anaifunga nyuzi mbili tatu kabla hajalala. Kazi ikizidi kasi ya kufunga, inachanika pale.

Sindano ya steroidi, dawa ya kuzima uvimbe, je? Nilichomwa mwenyewe miaka ya nyuma, kwenye zahanati ambayo sitaitaja. Wiki ya kwanza nilimshukuru Mungu na mchomaji. Nikarudi kubeba vitu kama kijana. Mwezi wa tatu maumivu yakarudi, na safari hii yakaja na ndugu zao. Baadaye nikajua si bahati yangu mbaya peke yangu: jaribio la Brisbane, Australia, lililochapishwa mwaka 2013 likiwa na wagonjwa 165, lilionesha kuwa waliochomwa dawa hiyo walikuwa na hali mbaya zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko waliochomwa sindano isiyo na dawa. Inatuliza haraka, na kutulia huko ndiko kunakokurudisha kwenye sufuria kabla kano haijajiweza.

Kinachoifanya kano ijiweze ni mzigo, unaopimwa na kuongezwa polepole. Hapa watu wengi hukosea pande mbili. Wengine wanaupumzisha mkono miezi mitatu. Unapoa, kisha siku ya kwanza ya kazi unauma upya, kwa sababu kano iliyopumzishwa inazidi kuwa dhaifu. Wengine wanakazana na maumivu, wakisema mwili utazoea.

Kama kiwiko kinauma, anza kwa kukaza bila kusogea. Laza kigasha mezani, kiwiko kimekunjwa, kiganja kinatazama chini, ngumi imefungwa kwa ulegevu. Weka kiganja cha pili juu ya mgongo wa mkono huo na usukume chini, huku mkono wa chini ukikataa kushuka. Shikilia sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika moja au mbili, rudia mara nne au tano. Wengine maumivu hupungua kwa muda hapohapo. Kipimo ni hiki: kwenye ngazi ya 0 mpaka 10, usiruhusu maumivu yapite 3 au 4, na kesho asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakiamka yamezidi, ulibeba kingi, punguza.

Kisha lete mzigo unaosogea. Huhitaji kununua chuma. Chupa ya maji ya nusu lita ukiijaza mchanga mkavu wa ziwani inafika kama gramu 800. Ya lita moja inapita kilo moja na nusu. Kigasha kikae mezani au pajani, kiganja kitazame chini, mkono uning'inie nje ya ukingo. Inua kwa sekunde mbili tatu, shusha kwa sekunde nne. Kule kushusha ndiko watu wanakoibia, wanaacha chupa ianguke. Usiiache: hapo msuli unakaza huku unarefuka, na kano inapata mzigo mzuri. Mara 12 hadi 15, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Ukiona mara 15 zimekuwa maneno ya kupiga soga, ongeza mchanga. Mkono ukishazoea, fanya kiwiko kikiwa kimenyooka. Hapo mrefu na mfupi wanavutika zaidi, na zoezi lilelile linakuwa zito. Ipe wiki kumi na mbili kabla ya kulaumu chupa. Msuli unajibu mapema, kano ni mzee, haikimbizwi.

Kwa asiyeumwa anayetaka tu mkono wenye nguvu, mambo yanachangamka. Jimu zetu za uani mnazijua: bomba la chuma, makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, benchi la mbao. Vijana wanapiga tizi la kiganja kikitazama juu, wanakunja mpaka mshipa unatoka, na hawagusi upande wa pili. Geuza mikono. Shika bomba viganja vikitazama chini, kunja viwiko, kifundo kisianguke. Utashtuka ni zito kiasi gani. Toa nusu ya uzito bila aibu. Misuli ya kuinua kifundo ni midogo kuliko ya kuinamisha, hivyo usiilinganishe.

Ninalolipenda zaidi ni la fimbo na kamba. Mpini wa fagio, kamba ya nyavu urefu wa mita moja, mwisho wake jiwe au chupa ya mchanga. Shika mpini viganja chini, uzungushe kamba ijikunje, mkono mmoja baada ya mwingine. Mwelekeo una maana: zungusha sehemu ya juu ya mpini ije kwako, kama dereva wa bodaboda anavyovuta mafuta. Ukizungusha kwenda mbele, umewapa kazi wale wa upande wa pili. Jiwe likifika juu, lirudishe taratibu vilevile.

Kwa huyu dereva wa bodaboda, fimbo yake ni mpini wa pikipiki, nayo haina seti wala mapumziko. Kuvuta mafuta ni kuinua kifundo na kukishikilia hapo dhidi ya springi, siku nzima, barabara ya vumbi ikitetemesha mpini. Wengi wanaolalamika mkono wa kulia peke yake wana jibu lao hapo. Kushika upya mpini ukiwa tayari kwenye mwendo, ili kifundo kirudi kunyooka, kunapunguza mateso. Kukaba mpini kama unaogopa utaibiwa kunayaongeza.

Wa pembeni mpe nyundo. Simama, mkono unyooke ubavuni, shika mwisho wa mpini kichwa cha nyundo kikielekea nyuma, kisha kiinue kwa kifundo tu. Geuza kichwa kielekee mbele, inua tena, hapo unamjenga mrefu. Mara kumi kila upande zinatosha siku ya kwanza, na usiseme sikukwambia.

Si kila maumivu ya mkono ni haya. Ganzi vidoleni, kifundo kinachoanguka, maumivu yanayoanzia shingoni, kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, au uchungu ulioanza baada ya kuanguka, hayo peleka hospitali, weka chupa pembeni.

Mama wa Mwaloni hakuwa na nafasi ya kuacha kazi, kwa hiyo tulianza na mwiko. Mpini wake ulikuwa mwembamba na unateleza kwa mvuke, na kitu kinachoteleza kinakulazimisha ufinye zaidi. Aliuzungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli. Sufuria akaambiwa aiinue viganja vikitazama juu, mzigo uhamie upande mwingine wa kigasha, na ikiwezekana amwite kijana. Hilo la kumwita kijana lilimwudhi kidogo. Chupa ya mchanga akaipokea kwa mashaka, akaifanyia kazi asubuhi kabla ya kuwasha jiko.

Nilipita tena baada ya miezi miwili na kidogo. Kikombe cha chai hakimsumbui tena, nguo anakamua, sufuria kubwa bado inamkumbusha siku ambazo wateja wamezidi. Chupa inakaa mezani kati ya chumvi na pilipili. Mteja mmoja, alisema, aliitikisa akauliza unga huo wa dagaa anauza shilingi ngapi.